MJADALA: Elfu arobaini za kikundi, tununue kamera ndogo au simu?

Nahodha_wa_Dunga
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Sisi ni vijana tisa tunaopeleka wageni kwa mashua hapa Dunga, Kisumu. Tumechanga elfu arobaini. Nusu yetu wanataka kamera ya mfukoni yenye zumu ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, na kituliza mtikisiko, tupige wageni na ndege, tuwauzie picha. Mwenyekiti anasema kamera ndogo zilikufa zamani, tununue simu moja nzuri, maneno yaishe. Nimeona kamera ya namna hiyo, Canon SX740 iliyotumika, bado safi. Mkutano ni Jumapili. Nisaidieni.

Kipara_Kondele
Mwenyekiti wenu ana akili. Simu inapiga, inarekebisha, inatuma WhatsApp kabla mgeni hajashuka mashuani. Kamera mpaka utafute kompyuta na waya wake. Na hicho kituliza simu pia zinacho siku hizi, tena bora.

Fundi_Kamera
Kipara, punguza mwendo. Kwanza SX740 ina Wi-Fi, waya wa nini? Pili, vituliza si ndugu mmoja. Kuna cha kweli, ambapo kioo ndani ya lenzi au sensa yenyewe (kile kipande kinachopokea picha) inasogea kinyume na mkono wako. Kuna cha dijitali, kinakata kingo za video na kuisogezasogeza, basi. Nikon walitia cha kweli kwenye kamera ya mfukoni ya filamu mwaka 1994. Simu zilisubiri mpaka Nokia Lumia 920, mwaka 2012. Sasa nani anamfundisha nani?

Nahodha, ukifika kuiangalia hiyo kamera fanya hivi. Vuta zumu mpaka mwisho, elekeza kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara, bonyeza kitufe nusu. Herufi zinapaswa kutulia. Zikiendelea kurukaruka kama maharagwe yanayochemka, rudisha. Itikise karibu na sikio ikiwa imezimwa: mlio mdogo wa kugongagonga mara nyingi ni kioo cha kituliza kinaelea, usimwite muuzaji mwizi. Lakini lenzi ikitoka na sauti ya kusaga, huo ni mchanga. Kimbia.

Na msije mkawa kama wale wa Nakuru wanaobeba lenzi kama bomba la maji kupiga flamingo waliohama kitambo.

Mwana_Nax
Eti waliohama. Fundi, umeulizwa kamera ukaingia Nakuru kwa miguu yako mwenyewe. Lini mara ya mwisho ulifika hapa? Sisi tuna faru, twiga wa Rothschild na simba wa kupanda miti. Nyinyi mna gugumaji. Ukivuta hiyo zumu ya SX740 utapiga gugumaji la karibu na gugumaji la mbali.

Fundi_Kamera
Wameenda Ziwa Bogoria, hata wewe unajua. Maji ya ziwa lenu yamepanda tangu miaka ya 2010 hivi, magadi yakapungua makali, ule mwani wanaokula ukakosekana. Sikuleta mimi mvua.

Mwana_Nax
Hawajaisha wote! Na ziwa kupanda ni Bonde la Ufa zima, muulize mtu wa Baringo. Kisumu mkiwa jiji mwaka 2001 mlidhani mmemaliza dunia. Sisi pia jiji tangu 2021, zoeeni.

Mwalimu_Shinyalu
Kwa faida ya wanaosoma, huyo flamingo kwa Kiswahili ni heroe. Endeleeni kugombana kwa lugha sanifu.

Nyar_Nam
Mwalimu, heroe ama flamingo, hayuko. 😂

Nahodha, nikusemeshe mimi niliyewahi kupiga picha mashuani. Usiegemeze kamera kwenye ubao wa mashua injini ikiwa inanguruma, hiyo mitetemo ndiyo inayoharibu. Kaa, bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, bonyeza. SX740 inavuta mpaka sawa na lenzi ndefu ya 960mm. Bila kituliza unataka kasi, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya karibu 1/1000 ya sekunde. Kituliza cha hatua tatu, kila hatua ikiongeza muda huo mara mbili, kinakushusha mpaka 1/125. Lakini hapo ni kwa kitu kilichotulia! Yule mdiria mweusi na mweupe wa Dunga, anayening'inia hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini, kituliza hakimjui. Kinatuliza mkono wako tu. Ndege utampata kwa kasi, na kasi inataka jua. Saa kumi na mbili na nusu jioni pale Hippo Point, zumu ikiwa mwisho, lenzi hiyo ni f/6.9, yaani tundu lake linapitisha mwanga kidogo, na sensa ni ndogo. Utapata uji.

Kipara_Kondele
Kwa hivyo umekubali simu.

Nyar_Nam
Nimekubali wapi? Simu ivute mdiria mita hamsini utuonyeshe. Mgeni simu anayo mfukoni, kwa nini akununulie picha anayoweza kujipigia?

Mwalimu_Shinyalu
Hapo binti amegonga. Ila kwetu msitu wa Kakamega, chini ya miti ni giza saa sita mchana. Ningechukua zumu fupi na sensa kubwa zaidi, kama Panasonic TZ100 ya mwaka 2016: sensa ya inchi moja, inavuta mpaka 250mm. Kila mahali na kamera yake.

Mwana_Nax
Kakamega pia mmeingia? Wale ndege wenu wa buluu wanakaa juu ya mti saa nzima, hata mtu wa kutetemeka mikono kwa njaa atampiga.

Mwalimu_Shinyalu
Kijana, shigogo huruka. Na mimi sina njaa, nina pensheni.

Fundi_Kamera
Mwana_Nax leo anapigana na kila kaunti. Mpeni maji ya ziwa, wanayo mengi.

Nahodha_wa_Dunga
Jamani. Mkutano ulikuwa jana, nyinyi bado mko kwa heroe. Tumenunua kamera, kura tano kwa nne. Kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara nilikisoma chote mpaka namba ya simu. Sasa vita ni vingine kabisa: usiku inalala kwa nani? Mweka hazina anasema kwake kwa sababu ana kufuli mbili. Katibu anasema mweka hazina ana shemeji.

Kipara_Kondele
Si mwenyekiti alisema ilikufa? Akakeshe nayo yeye, matanga ni yake.

Nyar_Nam
Shemeji ni yupi, yule wa pikipiki ya buluu? Katibu ana haki.

Mwana_Nax
Mkipata betri ya pili mje Nakuru. Faru hajahama.