Naomba ushauri: programu ya kusafisha kompyuta inaruka data za kivinjari
Ndugu wataalamu, habari zenu. Ninatumia kompyuta mpakato yenye Windows 10 na diski ya GB 128, ambayo sasa imebakiwa na nafasi isiyofika GB 3. Kila wiki huendesha programu ya bure ya kufuta mafaili ya muda, lakini tangu mwezi uliopita, inapofika kwenye kivinjari, huandika kwamba imekiruka kwa sababu bado kinafanya kazi, ingawa madirisha yote nimeyafunga. Nilipofungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi) nilikuta kweli kivinjari kinaendelea chinichini. Nikakisitisha, nikasafisha upya, na kesho yake historia yote ilikuwa imerudi. Nahisi inatoka kwenye simu yangu, kwa kuwa usawazishaji wa akaunti, yaani kulinganisha data za kivinjari kati ya simu na kompyuta, umewashwa.

Nilijaribu pia kufuta ndani ya kivinjari chenyewe, kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Delete, nikachagua kache (nakala za muda za kurasa) peke yake. Vidakuzi (cookies), yaani mafaili madogo ambayo tovuti hunikumbukia nayo, sikuvigusa, maana nikivifuta nitatolewa kwenye akaunti zote, zikiwemo zile ninazopokelea kazi za wateja wa stesheneri yangu, na nywila zake nyingi zimehifadhiwa ndani ya kivinjari hicho hicho.

Je, nizime usawazishaji kwanza ndipo nifute, na nikifanya hivyo nywila zitabaki salama? Vilevile, programu hiyo inanisisitiza kila mara nisafishe rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu. Mimi naogopa, kwani nafasi inayopatikana huko ni ndogo mno na kosa moja linaweza kuvuruga mfumo mzima. Aliyewahi kufanya hivyo tafadhali anieleze alichokiona.