Timu zangu zote ziko mbali, patron (bosi) anataka wapigwe picha za skrini. Mnashauri nini?

Mama_Betri (Lubumbashi)
Jambo wakubwa na wadogo. Mimi ni mkuu wa masoko kwenye sosiete inayouza paneli za sola, betri na inveta hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wateja wapo, kuran (umeme) mnaijua wenyewe. Ila biro yangu imebaki na kiti kimoja. Kazi zote zimepelekwa nje: wachoraji wako Antananarivo, wakala wa Nairobi anaendesha kurasa zetu na matangazo ya kulipia ya Facebook, na kituo cha simu cha Kinshasa kinapokea wateja.

Mabango yanakwenda na kurudi mpaka promosheni inaisha. Mteja wa hapa mjini, wa Katuba, akipiga asubuhi na mapema, simu inalia tu. Ikipokelewa anajibiwa kwa Kifaransa au Lingala, anakata. Wakala ananiletea ripoti nene ya "like" na watu waliofikiwa, lakini muuzaji wa dukani haoni tofauti. Juzi tulisema tulenge wateja wa Kenya, matangazo yakaonekana Nairobi! Kenya yetu ni komini, mtaa wa hapa Lubumbashi, jamani.

Patron anasema dawa ni programu ya kupiga picha skrini za wote kila baada ya dakika chache, pamoja na ripoti ya kila jioni. Mimi roho inasita, lakini sina hoja ya kumpa. Nyinyi mnaosimamia watu msiowaona, mnafanyaje?

Fundi_Rangi (Bukavu)
Mimi niko upande wa pili: nachorea wateja wa mbali. Niliwahi kuwekewa programu kama hiyo. Picha zilionyesha nafanya kazi siku nzima, na kweli nilikuwa nafanya: nabadilisha rangi ya maandishi yale yale kwa sababu kule hakuna aliyejua anataka nini. Mpe patron hoja hiyo. Sasa nikuulize, mama: maagizo unayatoa vipi, na nani ana neno la mwisho?

Mama_Betri
Maagizo natuma kwa odio za WhatsApp. Neno la mwisho... mimi, kisha patron, kisha madamu wake. Na patron ana namba za wachoraji, usiku anawaandikia moja kwa moja.

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)
Yaya, mi niko naona haina bale bantu ba mbali njo beko na tatizo.

Fundi_Rangi
Umemaliza, ndugu: wenye tatizo si wale watu wa mbali. Mama, acha odio. Andika karatasi moja kwa kila bango: ni la wateja gani, litakaa wapi na kwa ukubwa gani, bei ni kwa dola au kwa franka, namba ya simu, maneno yenyewe yakiwa yameshahakikiwa, na kitu ambacho mchoraji haruhusiwi kugusa. Ongeza bango moja unalolipenda na moja usilolipenda. Hayo mawili yatamsaidia kuliko maelezo marefu. Marekebisho yakusanywe na wewe peke yako, yaende kwa raundi mbili. Patron na madamu waseme kwako. Raundi ya tatu ilipiwe, utaona maoni ya usiku yanavyopungua. Na malipo ya mwisho yatoke ukishapokea mafaili ghafi yanayoweza kurekebishwa, si picha iliyokamilika tu.

Mzee_wa_Kolwezi
Madamu, mimi nitaongelea simu, maana hapo ndipo hela inavuja. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, Nairobi na Antananarivo wako mbele kwa saa moja. Kinshasa wakifungua saa mbili ya asubuhi, kwetu ni saa tatu, na mama wa Katuba ameshapiga akiwa njiani kwenda sokoni. Wa Nairobi akifunga saa kumi na moja, kwetu bado ni saa kumi. Kwa hiyo muda mnaokuwa kazini wote ni kuanzia saa tatu ya asubuhi mpaka saa kumi, saa za Lubumbashi. Mikutano na idhini ziingie humo, na kila mwaliko uandikwe ni saa za wapi.

Tena simu za huku kwetu zirudishwe huku. Tafuta vijana wawili wanaoongea Kiswahili cha hapa, hata wakifanyia kazi nyumbani, mradi sosiete iwape mega za intaneti na betri (mnaziuza, mtashindwa?). Kinshasa wabaki na wateja wa Kifaransa na simu zinazozidi.

Kuhusu ripoti, mwulize wakala: ujumbe wangapi uliingia WhatsApp, kila mmoja uligharimu kiasi gani, wangapi walinunua. Matangazo yawe na namba yake ya simu, tofauti na ya dukani. Muuzaji naye amuulize kila mteja ametusikia wapi, aandike kwenye daftari. Daftari likipingana na ripoti, mimi naamini daftari.

Sauti_ya_Goma
Sikubali kwamba ufuatiliaji wote ni mbaya. Kituo cha simu lazima kipimwe: simu ngapi zililia, ngapi zilipokelewa, mteja alingoja muda gani. Hata kurekodi mazungumzo ni sawa, mteja akiwa ameambiwa. Skrini ya mchoraji ni habari nyingine. Ila kuna jambo linanitia hofu zaidi: akaunti ya matangazo iko kwa jina la nani?

Mama_Betri
Nimekwenda kuangalia. Ukurasa ni wetu, msimamizi ni mimi. Akaunti ya matangazo ni ya wakala. Wanalipa kwa kadi yao, halafu wananitumia fakture (ankara).

Sauti_ya_Goma
Basi siku mkiachana, historia yote ya matangazo inabaki kwao. Fungua akaunti kwa jina la sosiete, iwe na kadi ya sosiete, kisha waalike kama washirika wenye ruhusa ya kuendesha matangazo tu. Kabla ya kuwaambia, omba ripoti zote za nyuma na uzihifadhi. Na ukurasa uwe na wasimamizi wawili wenye mamlaka kamili, wote wa kwenu. Simu yako ikiibwa, sosiete isibaki nje ya mlango.

Mama_Betri
Asanteni sana. Kesho naonana na patron. Nitaanza na hesabu ya simu zisizopokelewa, maana hela iliyopotea anaielewa kuliko mambo ya skrini. Ila kumwambia aache kuwaandikia wachoraji usiku, hapo sijui nipitie wapi.

Mwana_Kamalondo
Pitia kwa madamu, yaya.