Je, wachoraji wa avangadi ya Urusi walimdhalilisha mfanyakazi wa majira ya baridi?

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba wachoraji wa avangadi ya Urusi, yaani wasanii wa mwanzoni mwa karne ya 20 walioacha mitindo ya zamani, walimgeuza mkulima maskini kuwa pambo, na kwamba mchoraji Vasily Perov, aliyewatangulia, ndiye aliyesema ukweli kuhusu kazi ya majira ya baridi. Naipinga.

Katika mchoro wa Perov wa mwaka 1866 uitwao "Troika", watoto watatu wanavuta sleji, yaani chombo cha kuteleza kwenye theluji, yenye pipa la maji kwenye theluji ya Moscow, na maji yaliyomwagika yameganda ubavuni mwa pipa. Ni vigumu kuutazama bila kusikitika. Lakini nyuso za watoto hao zimeelekezwa kwetu ili zituombe huruma, na kazi yenyewe imebaki kuwa ushahidi wa dhuluma tu.

Sasa tazameni "Asubuhi Kijijini Baada ya Dhoruba ya Theluji", mchoro wa Kazimir Malevich, mmoja wa wachoraji hao wa avangadi, wa miaka ya 1912 hadi 1913, ambao sasa uko katika jumba la makumbusho la Guggenheim, New York. Wanawake waliobeba ndoo wametugeuzia mgongo na wanashika njia yao, huku mbali kidogo mtu akivuta sleji. Miili yao imejengwa kwa maumbo yale yale ya pia (koni) na mcheduara (silinda) yaliyojenga theluji na nyumba, na hapo ndipo wapinzani wangu wanaposema utu umepotea. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu anayelazimika kupita kwenye theluji ili maji yafike nyumbani haitazami kama mandhari. Theluji inampangia hatua, mkao wa mgongo na uzito wa mkono. Malevich, ambaye baba yake alifanya kazi katika viwanda vya sukari vya Ukraine, alikulia karibu na wakulima na hakuwasoma vitabuni.

Nakubali jambo moja: theluji yake inang'aa mno, wala haiumi vidole. Kwa hilo Natalia Goncharova, mchoraji mwenzake wa avangadi, anamzidi, kwani katika mchoro wake wa mwaka 1911 kuhusu uokotaji wa kuni wakati wa baridi alitumia ukavu wa mistari aliojifunza kwenye picha takatifu na lubok, yaani picha za bei nafuu zilizopendwa na watu wa kawaida.

Wanaomtetea Perov watueleze basi: kwa nini huruma ya mtazamaji iwe ndiyo kipimo cha heshima kwa mfanyakazi?