Tupeane uzoefu: umeona nini kwa macho yako kuhusu pono?

Wadau, uzi huu ni wa samaki pono. Usingizi wake unasifiwa kila mahali, lakini kila ninaposhuka kwenye matumbawe namkuta na mambo mengine mengi ya kustaajabisha. Tusimuliane tuliyoyaona wenyewe: anavyokula, anakolala, anavyogeuka rangi. Zipo aina zinazokaribia 100, kwa hiyo ukiweza tutajie walau rangi na ukubwa.

Naanza mimi. Ukizamisha masikio karibu na mwamba maji yakiwa yametulia, unamsikia kabla hujamwona: kra, kra, kra. Safari moja nilimfuata polepole pono wa kijani. Alikuwa akienda kwa kupiga mapezi ya ubavuni, mkia haufanyi kazi mpaka atake kukimbia. Akafika kwenye tumbawe lililokufa, akang'ata, akaacha mikwaruzo miwili myeupe, mmoja wa meno ya juu na mwingine wa chini. Akasogea kando, akaachia wingu jeupe likashuka taratibu. Huo ni mchanga, tena mpya. Meno yake ya mbele yameungana yakawa mdomo kama wa kasuku, na kooni ana meno mengine ya kusaga. Tumbo la kuhifadhia chakula hana, kikishasagwa kinaingia moja kwa moja utumboni. Shida yake si jiwe, anatafuta mwani na viumbe vidogo mno vinavyoishi juu yake na ndani yake.

Tochi ya Usiku: Asante kwa uzi huu, mkuu. Mimi huzamia zaidi usiku, na huko ndiko pono alikoniteka moyo. Mchana hakai mahali, lakini jua likizama anaingia kwenye mwanya wa mwamba na kutulia tuli. Niliwahi kumulika chini ya tumbawe pana nikamkuta mmoja wa kahawia ndani ya kifuko cha ute, chepesi kiasi kwamba magamba yalihesabika. Chembe za mchanga zilikuwa zimenata juu yake, na mashavu yalikuwa yakifunguka na kufunga polepole. Jicho wazi, maana samaki huyu hana kope.

Ute huo anautoa mwenyewe kwenye tezi zilizo karibu na mashavu. Zamani wengi waliamini kazi yake ni kuficha harufu ili mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, asimnuse. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi kwenye kisiwa cha Lizard, Australia, walionyesha kazi nyingine. Waliwaweka pono pamoja na vimelea wadogo wanaonyonya damu usiku. Waliovuliwa vifuko vyao, zaidi ya asilimia 90 walishambuliwa. Walioachiwa, asilimia 10 tu. Mchana wapo samaki wasafishaji wa kumtoa vimelea, usiku hao nao wamelala, kwa hiyo anajilinda kwa njia yake. Si kila aina inatengeneza kifuko, lakini ukimkuta aliyenacho, tafadhali usimguse wala kumwelekezea mwanga machoni. Akishtuka anakipasua na kukimbia gizani.

Binti Mwamba: Kwangu mimi ni rangi. Kuna jabali moja ninalolirudia mara kwa mara, linalokaliwa na pono wadogo wa aina ambayo Forsskål, mtaalamu wa viumbe wa zamani, aliielezea kutoka Bahari ya Shamu, maelezo yaliyochapishwa 1775. Majike ni ya kahawia, mengine yana doa jeusi karibu na mkia. Dume lao lilikuwa kijani kibichi, likizunguka eneo lake na kumfukuza kila dume mwenzake. Kisha likatoweka. Baada ya muda nikaona jike kubwa kuliko yote limeanza kuwa na kijani mashavuni, na safari zilizofuata rangi ikaenea mwili mzima, na tabia ya kufukuza wenzake ikaja pamoja nayo. Ndiyo, ni yule yule: alikuwa jike, sasa ni dume. Wapo pia wanaozaliwa madume na kuvaa rangi za kike ujanani. Ndiyo maana wataalamu wa zamani waliwahi kumpa samaki mmoja majina mawili ya kisayansi.

Nahodha Mstaafu: Mimi nimewaona wale wakubwa wenye nundu kwenye paji la uso. Kundi zima lilipita alfajiri na mwamba ukasikika ukivunjika. Wanafika urefu wa mita 1.3 na kilo 46, na mmoja anaweza kula zaidi ya tani 5 za mwamba kwa mwaka. Hao wanang'ata hata matumbawe hai. Sasa niwaulize: huyu si mharibifu?

Binti Mwamba: Shikamoo Nahodha. Swali zuri. Anang'oa, ni kweli, ila aina nyingi hula kwenye sehemu zilizokufa, na anapokwangua mwani anaacha uso safi ambapo tumbawe changa linaweza kushika. Pono akiisha, mwani unatawala. Ndiyo sababu Belize ilipiga marufuku kumvua mwaka 2009. Na mchanga wake haupotei bure: kwenye mwamba mmoja wa Maldivi watafiti walikadiria mwaka 2015 kuwa zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya ulitoka kwa pono. Visiwa vile vimejengwa kwa mchanga wa namna hiyo.

Majani ya Bahari: Msiwasahau watoto. Nawaona kwenye majani ya bahari na maji mafupi nyuma ya mwamba: wadogo kama kidole, kahawia, wana mistari myeupe. Wanatembea na watoto wa samaki wengine kwa kundi moja, wanadonoa kidogo, kivuli kikipita wote wanazama majanini. Majani hayo yakifyekwa, aina zinazokulia humo zinakosa pa kuanzia maisha, hata mwamba wa mbele uwe mzima namna gani.

Mwanzisha uzi: Marahaba kwa nyote, mmenifundisha. Bado natafuta mtu aliyekaa jioni akamwona pono *anapoanza* kutoa ule ute. Inasemekana huchukua hadi saa nzima. Aliyeshuhudia aandike: ulianzia wapi, na yeye alikuwa ametulia au bado anasogea?