Kaka yangu anasema yuko fiti, mimi naona anaisha. Nimwingieje?

Mtoto_wa_Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Uzi una urefu kidogo, mnivumilie.

Nina kaka, mkubwa wangu kwa miaka mingi, ndiye aliyenisomesha baada ya mzee kufariki. Ni fundi magari, ana gereji yake hapa Morogoro. Mwaka jana alichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, aongeze vifaa, kazi ikayumba, wakaja kubeba kompresa mbele ya vijana wake. Tangu siku ile si yeye. Shemeji anasema anashtuka saa nane usiku, anakaa sebuleni gizani mpaka adhana. Chakula anagusa tu. Watoto wakipiga kelele anafoka, na huyu ndiye aliyekuwa akicheza nao mpaka wanamkalia kichwani. Zamani alikunywa kwenye sherehe, sasa hapiti jioni bila kuingia grosari. Kila mara ana dawa mpya ya vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa, na bado tumbo linawaka, kichwa kinagonga, mgongo unauma.

Juzi ameniita, akanionyesha sanduku lenye hati ya kiwanja. Akasema, "Likitokea lolote, vitu viko humu. Watoto ni wako." Hapo ndipo usingizi wangu na mimi ulipokata.

Nilipogusia hospitali alicheka: "Unataka wanipeleke Mirembe, kwa wagonjwa wa akili?" Na mimi ni mdogo wake, siwezi kumkalisha kitako nikamhoji. Shemeji anaogopa akiwaambia wakwe ataonekana anamtangaza mumewe. Nianzie wapi?

Chuma_cha_Reli

Mkuu, huyo haumwi, anadaiwa. Nani hana mawazo nchi hii? Mlipieni deni muone kama hatalala kama mtoto. Hayo mambo ya kukaa na mtu umsimulie shida zako waachieni Wazungu. Mwanaume anakaza.

Dereva_wa_Tunduma

Chuma, deni kweli lipo, lakini usimseme mtu hivyo. Mimi nimeendesha malori njia ya Tunduma kwa miaka. Baada ya ajali moja niliyoishuhudia Kitonga nikawa nashika usukani mikono inalowa. Niliacha kula, nikawa mkali, mama watoto akadhani nina mwanamke njiani. Nilienda kwa daktari kudai dawa ya usingizi tu. Akaniuliza nalala saa ngapi, naota nini, lini mara ya mwisho nimecheka. Nikamwaga yote pale, mtu mzima na ndevu zangu. Hakuna aliyenifunga wala kunilaza. Nilirudi nyumbani na tarehe ya kurudi, basi. Leo bado naendesha.

Kwa hiyo Mtoto wa Kihonda, usimwambie "una tatizo la akili". Mwambie usingizi. Mwanaume atakubali kutibiwa usingizi, presha, tumbo, hata nguvu za kiume. Huo ndio mlango ulio wazi, mpitishe hapo hapo.

Nesi_Mstaafu

Nianze na lile sanduku, maana wengine mmelipita haraka. Mtu mwenye dalili hizo akianza kukabidhi hati na watoto, hiyo ni ya leo, si ya wiki ijayo. Mwanangu, muulize wazi, mkiwa wawili: "Kaka, umefika mahali unaona bora usiwepo? Umefikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kunampa mtu wazo. Hakumpi. Wengi hupumua, kwa kuwa hatimaye kuna mtu amelitaja. Akikubali, na zaidi akiwa ameshapanga namna, asiachwe peke yake, ondoeni sumu na vitu vya hatari hapo nyumbani kimya kimya, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Idara ya dharura haina wikiendi.

Hayo mengine uliyoandika nimeyaona kwa wanaume wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, kwa mwanaume mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira, pombe, maumivu yasiyopona, na ule usingizi unaokatika alfajiri. Ndiyo maana wanazunguka na dawa za tumbo. Duniani watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni kama mara mbili ya wanawake, ingawa kliniki wanawake ndio wanaojaza mabenchi.

Kuhusu Mirembe: ile hospitali ipo Dodoma tangu 1927 na jina lake limegeuzwa utani nchi nzima, hilo ndilo linaloua watu wetu. Mgonjwa wa sonona wa kawaida hapelekwi huko. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, unaonwa na kurudi nyumbani kwako. Kwanza watampima vitu vya mwili: presha, sukari, damu, pengine tezi ya shingo, kwa sababu navyo huleta uchovu na mawazo. Wakimwandikia dawa kama amitriptilini, ataanza kulala mapema lakini moyo wenyewe huchukua wiki mbili mpaka nne kutulia. Mdomo utakauka. Hazimfanyi mtu kuwa teja. Asizichanganye na pombe, na asiziache ghafla siku akijisikia vizuri, hapo ndipo wengi hurudi chini. Na kama sasa anakunywa sana kila siku, pombe nayo asiikate ghafla bila kumwambia daktari, maana anaweza kupata degedege.

Mama_Wawili

Naongea upande wa shemeji yako. Mwanamke anayekaa macho na mume saa nane usiku anachoka vibaya, na hakuna anayemuuliza. Mpigie simu mara kwa mara. Halafu asimwambie mumewe "umebadilika", hilo tunalisema wote na wanalisikia kama lawama. Amwambie anachokiona: "Hujala tangu juzi." Mambo ya wakwe yasubiri.

Baraza_la_Kahawa

Swali la mdogo kumhoji mkubwa ndilo gumu na hamjaligusa. Hapo gereji hana mtani? Kwetu sisi mtani anaweza kumwambia mtu jambo ambalo ndugu yake wa damu akilisema ni kosa. Anaingia kwa mzaha, "wewe unakufa na hujanilipa deni langu la msibani", na mkubwa hawezi kukasirika maana ni mtani. Nimeona mtu mkaidi kabisa akicheka, kisha akakaa, kisha akasema. Na kama nyie ni Waluguru, yupo mjomba. Mjomba akisema "twende", hakuna mjadala.

Jambo jingine, msikae uso kwa uso kama mahakamani. Fungueni boneti, shikeni spana, muulize mkiwa mmeinamia injini.

Nairobi_Kusini

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku nako watu wanaogopa Mathari kama nyinyi mnavyoogopa Mirembe. Nataka kuongeza la polisi, kwa sababu wanaume wengi hawasemi wakidhani watashtakiwa. Kwetu Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Nadhani kwenu sheria bado iko vilevile?

Nesi_Mstaafu

Ndiyo, hapa bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Lakini kosa ni kujaribu. Kumwambia daktari "mawazo ya kufa yananijia" ni kueleza dalili, hakuna anayeshtakiwa kwa hilo. Hata aliyejaribu, kazi yetu ni kumtibu. Msimcheleweshe mtu nyumbani kwa kuogopa kituo.

Mhasibu_wa_Mtaa

Chuma ana nusu ya ukweli. Deni lisipoguswa mtu ataumwa tena. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni. Mwombeni mkataba, angalieni riba, ulizeni leseni iko wapi. Waliobeba kompresa walikuwa na karatasi gani? Lakini hesabu hiyo ifanywe na wewe au shemeji. Mtu asiyelala hawezi kujadiliana na kausha damu.

Chuma_cha_Reli

Mimi bado nasema deni. Ila lile la sanduku nilikuwa sijalisoma vizuri. Mtoto wa Kihonda, nina kompresa imekaa tu stoo, Mkundi. Njoo pembeni tuongee, aitumie mpaka asimame.

Mtoto_wa_Kihonda

Wakuu, nawashukuru wote. Mrejesho kidogo.

Usiku uleule nilienda kwake kwa kisingizio cha pikipiki yangu kugoma. Nikamuuliza kama Nesi alivyosema, tukiwa tumechuchumaa, bila kumtazama. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikajuta. Kisha akasema mawazo hayo yanamjia, hasa usiku, lakini hajapanga kitu, watoto ndio wanaomzuia. Nimelala kwake. Shemeji ameshaondoa vya kuondoa. Mtani yupo, Mnyamwezi anayepaka rangi hapo gereji, na kumbe naye alishapitia. Amemwambia, "Mimi nilienda, na bado nakushinda kupaka." Amekubali kwenda kesho asubuhi, kwa ajili ya "usingizi". Mjomba hajui bado, kaka ameomba hivyo.

Swali moja, mama Nesi: niingie naye kwa daktari au nimwache peke yake?

Nesi_Mstaafu

Umefanya vizuri, na usiku wa leo kaa naye tena. Akizidiwa kabla ya kesho, msisubiri asubuhi. Muulize yeye mkiwa foleni. Wengi hutaka uingie mwanzo ueleze la sanduku na la saa nane, kisha utoke. Hilo la sanduku lisiachwe kusemwa, hata kama ataona aibu. Bebeni dawa zote za tumbo alizonunua, na maboksi yake, daktari atataka kujua zimechanganywa nini. Kadi ya bima kama anayo. Asubuhi asipitie grosari, watampima presha na damu. Na kabla hamjatoka pale, hakikisha ana tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye karatasi yake.