Puerto Vallarta: kula hotelini au mtaani?

Mpemba_Houston: Wakuu, mimi na mke wangu tunakwenda Puerto Vallarta, Mexico, Desemba. Kuna hoteli Nuevo Vallarta, ukishalipa unakula mpaka uchoke. Na kuna chumba kitupu, yaani bila chakula, mtaa wa Zona Romántica. Sisi hatuli kitimoto. Kwa upande wa msosi, ipi inalipa?

Dada_wa_Makorora: Chumba kitupu. Nuevo Vallarta hata si jimbo la Jalisco lenye Puerto Vallarta, ni jimbo la Nayarit, na ukishalipia bafe utaona uchungu kutoa hela nje. Zona Romántica ukitoka mlangoni tu, wauza taco (chapati ndogo iliyokunjwa na kitoweo ndani) hawa hapa. Mchana ulizia comida corrida: supu, wali, kitoweo na juisi ya ukwaju au rosela, vyote kwa bei moja.

Mzee_Kitoweo: Dada, kasema hali kitimoto! Mkuu, taco al pastor inazungushwa kwenye chuma kama shawarma, na kweli chanzo chake ni wahamiaji wa Kilebanoni, ila nyama ni nguruwe. Mtego zaidi ni maharage ya kuponda: mara nyingi hukaangwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Tortilla (chapati zao) za ngano vilevile. Uliza "¿lleva manteca?" kabla ya kuagiza. Tortilla za mahindi kwa kawaida ni salama.

Mpemba_Houston: Sasa tutakula nini, wali mkavu?

Dada_wa_Makorora: Samaki, kaka! Agiza pescado zarandeado. Anapasuliwa akalala bapa, anapakwa pilipili na ndimu, anabanwa kwenye wavu juu ya makaa mpaka kingo zinaungua kidogo. Mara nyingi anauzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako. Wale wa kijitini ufukweni Los Muertos ni wa kuonja tu, wengi wameshakauka.

Fundi_Jahazi: Mngekuwa na watoto wadogo ningetetea bafe. Wawili tu, hapana. Migahawa ya Malecón, ile njia ya kando ya bahari, yenye wapiga debe mlangoni ipiteni, pale mnalipia bahari. Ila msimkose muuza tuba mwenye buyu lake: ni tembo la mnazi, tamu, linatiwa karanga na vipande vya tofaa. Ugema huo waliupeleka Wafilipino enzi za merikebu za Manila. Kwenu msiokunywa pombe, ulizeni kama ni bichi, halijachacha.

Mpemba_Houston: Tembo Mexico! Basi chumba kitupu. Na bakshishi?

Mzee_Kitoweo: Asilimia 10 hadi 15. Na bili haiji mpaka useme "la cuenta", msikae mkinuna.