Kompyuta mpakato ya michezo inalala katikati ya mchezo: nibadilishe mipangilio, Windows, betri au chaja?

Mkazi wa Ntinda

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina kompyuta mpakato ya michezo niliyoinunua ikiwa imetumika, na kwa wiki tatu sasa imekuwa ikilala yenyewe nikiwa katikati ya mchezo. Skrini huzimika, feni hunyamaza, na taa ya kitufe cha kuwashia huanza kupepesa polepole, jambo linalonionyesha kwamba mashine haijazimika bali imelala. Nikiiacha ipumzike dakika kumi hivi kisha nikabonyeza kitufe, huamka mchezo ukiwa pale pale nilipouachia, ila wenzangu niliokuwa nikicheza nao mtandaoni wamekwisha kunikosa. Nikiandika au kutazama video inaweza kukaa macho kutwa nzima. Chaja iko kwenye umeme muda wote, na alama ya plagi inaonekana.

Nimepewa ushauri wa aina nne. Rafiki mmoja anasema nizime usingizi kabisa kwenye mipangilio. Mwingine anasema nifute Windows na kuiweka upya. Fundi mmoja wa mjini, baada ya kuitazama kwa dakika tano, amesema ni betri na anataka kuibadilisha. Na jirani yangu anaamini ni joto, kwa hiyo ifunguliwe na kusafishwa. Kila njia ina gharama yake ya fedha au ya muda, na sipendi kulipia jambo nisilolielewa. Naomba mnisaidie kuzilinganisha.

Mwanafunzi wa Wandegeya

Kaka, mimi ningeanza na mipangilio kwa sababu haikugharimu chochote. Tatizo kama lako lilinipata nilipokuwa nikichezea kontrola badala ya kibodi. Windows huhesabu muda ambao kibodi na kipanya havijaguswa, na michezo mingine haiujulishi mfumo kwamba mtumiaji bado yupo, kwa hiyo unaweza kuwa unabonyeza kontrola kwa nguvu zako zote huku mashine ikiamini kwamba umeondoka. Niliongeza muda wa kulala na tatizo likaisha.

Kuhusu kuweka Windows upya, nakusihi usianze huko. Mchezo mmoja wa siku hizi unaweza kuzidi gigabaiti 90, na kuupakua tena kwa bando, ambalo hapa Uganda tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12, ni mzigo mzito kwa jaribio ambalo huenda lisizae kitu.

Dada wa Gulu

Mimi namuunga mkono jirani yako, walau kwa kiasi. Huku kwetu, kuanzia Desemba hadi Februari vumbi huingia kila mahali, na mwaka jana nilipofungua mashine yangu nilikuta mapezi ya kupoozea yamezibwa na utando mnene kama sufu. Prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 97 na mchezo ukikwama kila baada ya sekunde chache. Baada ya kusafisha na kubadilisha pesti ya joto, ilishuka hadi nyuzi 82.

Hata hivyo, ni lazima niseme ukweli: mashine yangu haikuwa ikilala. Ilipunguza kasi kwanza, na siku mbili ilizimika ghafla kabisa. Wewe je, mchezo huanza kukwama kabla ya kulala?

Mkazi wa Ntinda

Dada, haukwami hata kidogo. Unakwenda vizuri hadi sekunde ile ya mwisho. Na kwako kaka wa Wandegeya, natumia kibodi na kipanya, wala si kontrola.

Fundi wa Jinja

Ndugu zangu, kabla ya kulinganisha dawa, tumuulize mgonjwa mwenyewe. Windows haijilalii hivi hivi bila kuandika sababu, na ni masikitiko kwangu kuona mafundi wenzangu wakibadilisha vipuri kabla ya kusoma maandishi hayo, ambayo yanapatikana kwa dakika mbili na bila malipo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, kisha ingia kwenye kumbukumbu za mfumo na utafute mistari yenye chanzo kinachoitwa Kernel-Power. Namba 42 ni mstari unaoandikwa mashine inapoingia usingizini, na ndani yake sababu hutajwa: kwamba muda wa kutoguswa umeisha, au kitufe kimebonyezwa au mfuniko umefungwa, au programu fulani imeomba, au betri imefikia kiwango cha hatari. Kwa mashine zinazotumia usingizi wa aina mpya, ule unaofanana na wa simu, tafuta namba 506 badala yake. Amri ya powercfg /a itakuonyesha mashine yako ni ya aina gani. Ukikuta namba 41, hapo hadithi ni nyingine kabisa, kwa maana hiyo huandikwa mashine inapowaka baada ya kuzimika bila kuagwa, na hapo ndipo mtu afikirie joto lililokithiri au umeme uliokatika.

Hili la joto naomba nilifafanue, kwa sababu Dada wa Gulu ameligusa vizuri. Mashine ikipata joto kupita kiasi, hatua ya kwanza ni kupunguza kasi ya prosesa na kadi ya michoro. Joto likiendelea kupanda, mashine nyingine huhifadhi kazi zote kwenye diski na kwenda usingizi mzito, na hatua ya mwisho ni kuzimika. Kwa hiyo mchezo unaokwenda laini hadi sekunde ya mwisho, kisha mashine ikalala na kuamka baada ya dakika kumi bila manung'uniko, haunipi sababu ya kushuku joto kwanza.

Tuletee namba na sababu iliyoandikwa, pamoja na saa ya kila tukio.

Mfanyabiashara wa Busia

Wakati tunasubiri, niongeze kisa kimoja. Mteja wangu alikuwa na mashine inayolala kila akicheza na kuamka kila akiacha, na tulihangaika nayo siku mbili nzima. Kumbe saa yake ya mkononi ilikuwa na mkanda unaofungwa kwa sumaku. Mashine nyingi hutambua kufungwa kwa mfuniko kwa kihisi cha sumaku kilichofichwa karibu na mahali pa kuegemeza viganja, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unapita juu yake kila alipofikia vitufe vya kutembeza mchezaji. Hata kuweka mashine moja juu ya nyingine kunaweza kuleta jambo hilo. Kumbukumbu zikitaja mfuniko, vua saa na uondoe kifuniko cha simu chenye sumaku kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Mkazi wa Ntinda

Nashukuru sana. Nimekuta mistari tisa ya namba 42 katika wiki tatu, na yote tisa inataja sababu moja: betri. Nimeshangaa, kwa kuwa chaja haijawahi kutoka ukutani. Saa za matukio nazo zina mpangilio: ninapoanza kucheza betri ikiwa imejaa, hulala baada ya karibu saa moja na nusu, na siku niliyoanza mara tu baada ya kurudi nayo kutoka kazini ikiwa na nusu ya chaji, ililala baada ya dakika arobaini. Je, hii ina maana kwamba fundi wa mjini alikuwa sahihi?

Fundi wa Jinja

Usimpe fedha bado. Naomba mambo mawili. Kwanza, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport, kisha usome ukubwa wa betri ilipotengenezwa, ukubwa wake wa sasa, na orodha ya matumizi ya siku za karibuni. Pili, geuza chaja yako na utuandikie volti na ampea za upande wa pato, na utuambie kama ndiyo chaja iliyokuja na mashine.

Mkazi wa Ntinda

Betri ilitengenezwa ikiwa na saa-wati 80, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi, na sasa inajaza 48. Katika orodha ya matumizi, siku nilizocheza, chanzo kimeandikwa kuwa ni umeme wa ukutani, lakini chaji inashuka mstari hadi mstari kana kwamba mashine haijachomekwa. Nimeitazama mara tatu nikidhani nimesoma vibaya.

Chaja ni ya volti 19.5 na ampea 7.7. Siyo ya awali. Ya awali, iliyokuwa na volti 19.5 na ampea 11.8, iliungua mwezi uliopita umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na dukani niliambiwa kwamba volti zikilingana na kichwa kikiingia hakuna tatizo.

Mzee wa Bombo

Kijana wangu, jibu lako liko kwenye karatasi hiyo ya chaja. Zidisha volti kwa ampea: chaja iliyoungua ilitoa wati 230, hii mpya inatoa wati 150. Unapoandika barua au kutazama video mashine haihitaji hata wati 60, kwa hiyo chaja ndogo inatosha na kubaki. Unapocheza, prosesa na kadi ya michoro kwa pamoja zinaweza kudai wati 180, na zile 30 zinazopungua haziwezi kutoka hewani. Zinachotwa kwenye betri, kimyakimya, huku alama ya plagi ikiendelea kukuonyesha kwamba mambo ni salama. Betri ya saa-wati 48 ikitoa wati 30 itafika kwenye kiwango cha hatari baada ya saa moja na nusu. Ndiyo saa uliyoandika wewe mwenyewe.

Nalo lile la kuamka vizuri baada ya dakika kumi sasa linaeleweka. Mashine inapolala haidai kitu, chaja inapata nafasi ya kujaza, na wewe ukirudi unakuta betri imepanda tena, hivyo huishuku.

Sasa tulinganishe. Kuzima usingizi ndiyo njia mbaya kuliko zote ulizopewa, kwa kuwa usingizi huo ndio unaokuokoa: ukimwondoa mlinzi, betri itafika sifuri na mashine itakatika na kazi zako zote zikiwa wazi. Kuweka Windows upya hakubadilishi wati hata moja. Betri mpya ya saa-wati 80 itakupeleka saa mbili na nusu badala ya moja na nusu, halafu utalala pale pale, ukiwa umelipa fedha nyingi ili kuchelewesha tatizo. Kinachobaki ni chaja, au kupunguza njaa ya mashine.

Mwanafunzi wa Wandegeya

Mzee, nashukuru, nami nakiri kwamba ushauri wangu wa mipangilio ungemponza. Swali langu ni hili: kuna njia ya kupunguza njaa hiyo bila kununua kitu, walau kwa wakati huu?

Fundi wa Jinja

Ipo, nayo ni jaribio zuri la kuthibitisha hesabu ya Mzee. Weka kikomo cha fremu 60, yaani picha 60 za mchezo, kwa sekunde ndani ya mchezo, kisha kwenye mipangilio ya kina ya mpango wa umeme, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo asilimia moja inaonekana ndogo, lakini kwenye prosesa nyingi huzuia ule mwendo wa kasi ya ziada unaokula umeme mwingi. Cheza saa mbili na uangalie chaji.

Dada wa Gulu

Na chaja za USB-C za wati 100, ambazo siku hizi zinauzwa kila duka, hazimfai?

Mzee wa Bombo

Binti yangu, hizo ni ndogo kuliko hata hii anayoilalamikia. Kwa safari na kazi za ofisini ni nzuri. Kwa mchezo, la.

Mfanyabiashara wa Busia

Kwa upande wa kununua, nina maoni ambayo huenda Fundi asiyapende. Kati ya chaja mpya isiyo ya kampuni iliyoandikwa wati 230 na chaja ya awali iliyotumika, mimi namshauri mteja achukue iliyotumika. Nimepima nyingi mpya za aina hiyo ambazo zinaandikwa namba kubwa lakini huchemka na kushusha volti mzigo unapofika katikati, na baadhi ni nyepesi mno mkononi kwa kitu kinachodai kutoa nguvu kiasi hicho. Tena kampuni kadhaa hutumia pini ndogo ya katikati kuitambulisha chaja kwa mashine, na isipotambuliwa mashine hujipunguzia kasi.

Fundi wa Jinja

Sipingi, ila naongeza sharti: usilipe kabla ya kuijaribu dukani kwa mzigo. Nenda na mashine, anzisha mchezo mzito kwa nusu saa, na utazame asilimia ya betri. Ikishuka hata kidogo, irudishe mezani. Ukague pia waya pale unapoingia kwenye kichwa, maana ndipo unapokatikia.

Jambo jingine lisisahaulike: chaja ya kwanza iliuawa na umeme. Umeme wetu ni wa volti 240 kwa jina, lakini unaporudi baada ya kukatika huweza kuja juu zaidi kwa muda mfupi. Weka stabilaiza, au angalau uchomoe chaja umeme ukikatika na usubiri dakika chache unaporudi. Na kwa hali hiyo ya umeme, mtu asikushawishi kusasisha bayosi, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, usiku wa mvua, maana ukikatika katikati, ubao mkuu unaweza kufa.

Mkazi wa Ntinda

Narudi na majibu. Kwa kikomo cha fremu 60 na prosesa kwenye asilimia 99, nilicheza kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne na nusu, na chaji ilishuka kutoka 100 hadi 91 tu. Haikulala.

Jumamosi nilikwenda mjini na mashine mgongoni. Chaja ya kwanza niliyoijaribu, mpya na yenye maandishi ya wati 230, iliacha betri ishuke asilimia sita ndani ya nusu saa, na muuzaji akakubali kuirudisha bila ubishi. Ya pili ilikuwa ya kampuni, imetumika, nzito, na waya wake una mkwaruzo mmoja usiofika ndani. Nusu saa ilipoisha, mchezo ukiwa umefunguliwa bila kikomo chochote, betri ilikuwa bado 100. Niliilipia, nikapitia duka la pili kununua stabilaiza, na jana nimecheza saa tatu mfululizo. Kwenye kumbukumbu za mfumo, mstari wa mwisho wa namba 42 ni wa saa sita usiku, nilipoifunga mwenyewe.